Mto Rusizi Haugawi Raia Wema na Raia Wavivu

Hoja mmeisikia, maana huvuka daraja la Rusizi ya Kwanza kila siku pamoja na mizigo na wachuuzi. Kupiga kura ni deni la kila raia. Asiyelipa ni mvivu. Na ushahidi uko kwenye kingo mbili za mto. Upande wa Kamembe, Julai 2024, tume ya uchaguzi ya Rwanda ilitangaza kwamba asilimia 98.2 ya walioandikishwa walipiga kura. Upande wa Bukavu, katika uchaguzi wa Kongo wa Desemba 2023, waliojitokeza nchi nzima walikuwa takriban asilimia 43. Basi, wanasema wahubiri wa kura, hapa kuna raia wema na kule kuna wasiojali.

Takwimu hizo nazipokea kama zilivyotangazwa. Ninachokikataa ni hukumu iliyojengwa juu yake. Nitazipitia hoja zao moja baada ya nyingine, nanyi wasomaji mtaamua.

Ya kwanza: Mkongo hapigi kura kwa sababu hajali. Nakubali kwamba wapo wanaobaki nyumbani siku ya uchaguzi kwa uvivu mtupu. Hao hawakosekani katika nchi yoyote. Lakini kama kutojali ni tabia ya watu, tabia hiyo ingeonekana tangu mwanzo. Julai 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40, waliojitokeza Kongo walipita asilimia 70. Mwaka 2011 wakashuka hadi karibu 59, mwaka 2018 wakawa chini ya 48, kisha hiyo 43. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni walichotendewa. Mwaka 2018 wapiga kura wa Beni, Butembo na Yumbi waliahirishiwa uchaguzi hadi Machi 2019, kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na usalama, ilhali rais aliapishwa Januari. Watu wa Beni walifanya nini? Siku ya uchaguzi, 30 Desemba, walijitengenezea vituo vyao, wakapanga foleni na kupiga kura walizojua kabisa kwamba tume haitazihesabu. Anayewaita hao wasiojali atuoneshe anayejali yukoje. Mwaka 2023 vifaa vilichelewa, upigaji kura ukaendelea hadi siku zilizofuata, na Januari 2024 tume yenyewe ikafuta kura za wagombea 82 kwa sababu za udanganyifu na vurugu. Mtu akipelekwa mara nne kwenye duka lenye mizani mbovu, safari ya tano akibaki nyumbani hatujamwona mvivu. Tumeona kwamba ana kumbukumbu.

Ya pili: asilimia 98 ni kipimo cha wajibu uliotimizwa. Hapa pia tuwe waadilifu. Uchaguzi wa Rwanda hupangwa vizuri: foleni zinasonga, na raia hahitaji kuhatarisha maisha ili alifikie sanduku. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayetazama ng'ambo ya mto. Lakini idadi ya waliofika inatuambia kwamba walifika. Ukitaka ituambie zaidi ya hapo, ijaribu kwanza mahali pengine. Tanzania mwaka 2010 waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 43. Mwaka 2015, Magufuli na Lowassa walipochuana kweli, wakafika 67. Mwaka 2025 chama cha upinzani cha Chadema hakikuwamo kwenye karatasi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango, na takwimu rasmi ikapanda hadi 87. Kwa kipimo cha wahubiri wetu, Mtanzania alijaa uzalendo kuliko wakati wowote pale alipopunguziwa cha kuchagua. Ama walikubali hitimisho hilo, ama wakitupe kipimo.

Sasa turudi nyumbani. Wagombea wa urais Rwanda mwaka 2017 walikuwa Paul Kagame, Frank Habineza na Philippe Mpayimana. Mwaka 2024 walikuwa watatu haohao. Diane Rwigara alijaribu mara zote mbili, na mara zote mbili tume ilimkataa. Mshindi alitoka asilimia 98.79 akafika 99.18. Katika uchaguzi wa viongozi wa umudugudu, yaani kijiji, wapiga kura wamezoea kujipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka, jirani akiona na kiongozi akiona. Sidai kwamba najua kilichomo moyoni mwa mpiga kura wa Rusizi. Wengi wanaiunga mkono serikali yao kwa dhati, na sababu wanazo: barabara, bima ya afya, usalama. Ninachosema ni kwamba ile asilimia 98 nayo haikijui. Haiwezi kumtenga aliyekwenda kwa upendo na aliyekwenda kwa mazoea, wala na yule aliyeona kwamba kutokwenda kutaonekana.

Ya tatu ndiyo wanayoipenda zaidi: asiyepiga kura hana haki ya kulalamika. Ina mvuto wa haki, kwamba asiyechangia asiseme. Ila mchango wa raia hauanzii kwenye sanduku la kura. Muuza samaki wa Kamembe hulipa ushuru awe amepiga kura au hakupiga, na ushuru huo hauulizi kama kidole chake kina wino. Kisha ifuateni mantiki yao hadi mwisho. Asiyepiga kura anyamaze, kwa kuwa hakushiriki. Aliyempigia mshindi anyamaze, kwa kuwa amepata alichokitaka. Aliyempigia mshindwa anyamaze, kwa kuwa aliingia kwenye shindano akijua masharti. Nani amebaki wa kulalamika? Na Bukavu imetupa jaribio lisilohitaji falsafa. Mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, bila kura hata moja. Aliyepiga kura Desemba 2023 na aliyelala siku hiyo wote waliamka chini ya wakubwa wasiowachagua. Mwambieni mmoja wao kwamba ana haki ya kulalamika kuliko mwenzake, kisha mtueleze ni kwa hesabu gani.

Ya nne: basi sheria ilazimishe. Hii ndiyo hoja yao yenye ushahidi bora. Australia mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Ikapitishwa sheria mwaka 1924, na uchaguzi wa 1925 ukavuka 91. Sheria, basi, inaleta watu. Inaleta wajibu? Ubelgiji ililazimisha raia wake kupiga kura tangu 1893, na kwa miongo mingi ya utawala wake katika Kongo na Ruanda-Urundi ikaona kwamba watu wa huku hawana haja ya sanduku hata la hiari. Jimbo la Flanders lilipoondoa ulazima kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, uchaguzi wa Oktoba 2024 haukufika asilimia 65, wakati zamani ulikuwa ukizidi 90. Zaidi ya karne moja ya ulazima, na wajibu haukudumu hata uchaguzi mmoja baada ya sheria kuondoka. Isitoshe, wahubiri wanajipinga. Wakitaka kumsifu raia husema amekwenda kwa hiari yake. Wakitaka kumrekebisha husema apelekwe kwa faini. Sifa ya hiari haimstahili aliyesukumwa.

Kufikia hapa wapo wanaonipigia makofi: wale wasemao kura moja haibadilishi kitu. Wasiharakishe. Hoja yao ni sahihi kwa mtu mmoja na ya uongo kwa umma, kwa sababu hawabaki nyumbani mmoja mmoja. Kenya, Agosti 2022, William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Walioandikishwa wasiokwenda walikuwa karibu milioni 7.8. Kila mmoja wao angeweza kuapa kwamba kura yake si kitu, na wote kwa pamoja walikuwa wakubwa kuliko mshindi. Wanaojificha nyuma ya neno la kususia nao wakumbuke Oktoba 2017: wafuasi wa Odinga waliposusia marudio ya uchaguzi wa urais, waliojitokeza walishuka hadi karibu asilimia 39, Uhuru Kenyatta akapata 98, akaapishwa Novemba. Kususia kulikotangazwa, kwenye madai na kiongozi, angalau kuliacha hoja mezani. Kubaki nyumbani kimyakimya hakuachi chochote. Takwimu itakuandika pamoja na aliyekuwa amelala.

Kwa hiyo wajibu upo, na hapo mimi na wahubiri tunakubaliana. Tunaachana kwenye zamu. Wao wanauanza kwa raia, nami nauanza kwa anayeandaa uchaguzi. Kabla ya kumlaumu aliyebaki nyumbani, wajibu maswali matatu. Je, karatasi ya kura ilikuwa na mtu ambaye angeweza kushinda zaidi ya aliyeko madarakani? Je, kura zilihesabiwa mbele ya macho ya wasioaminiana, na matokeo ya kila kituo yakabandikwa ukutani? Je, aliyechagua tofauti na jirani zake, au aliyeamua kutokwenda, alilala usingizi bila hofu usiku ule? Majibu yakiwa ni ndiyo matatu, aliyebaki nyumbani amekosa, nami nitamwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Hata jibu moja likiwa ni hapana, mshtakiwa aliyeletwa mbele yenu siye, na kesi ifunguliwe upya kwa jina la aliyeandaa uchaguzi.