Afya ya Jamaa: Jinamizi Latoka Wapi?

Jambo tutakalolieleza leo lajulikana mjini na kijijini pia. Mtu amelala vizuri. Karibu na mapambazuko afumbua macho, aona dirisha, asikia jogoo wa jirani akiwika. Ataka kuinuka, lakini mkono hauendi, mguu hauendi, ulimi hausemi. Kifuani ahisi uzito kama wa mtu aliyemkalia. Pengine aona kivuli mlangoni, au asikia nyayo zikikaribia kitanda. Ataka kumwita mkewe, sauti haitoki. Baada ya kitambo kidogo kifungo chafunguka ghafula, naye akaa kitandani akitetemeka na kutoka jasho. Watu husema amekabwa na jinamizi.

Swali la kwanza ajiulizalo mtu huyo ni hili: «Nani alinikalia?» Jibu la swali hilo limevunja nyumba nyingi. Mmoja atamtaja nyanya alalaye chumba cha pili. Mwingine atamtaja mtoto yatima aliyepokelewa nyumbani juzi juzi. Basi, kabla hatujamtaja mtu yeyote, yafaa tuuchunguze kwanza mwili wetu wenyewe.

Usingizi si wa namna moja tangu jioni hata asubuhi. Katika mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, walitangaza kwamba mara kadhaa usiku macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Watu walioamshwa wakati huo, wengi wao walisimulia ndoto. Usingizi huo wa ndoto hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na vipindi vyake virefu zaidi huja kuelekea alfajiri.

Miaka michache baadaye Michel Jouvet, daktari wa Lyon katika Ufaransa, alichunguza paka waliolala. Aliona kwamba katika usingizi wa ndoto misuli yao hulegea kabisa. Tena alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka hao waliinuka wangali usingizini, wakanyemelea na kurukia mawindo yasiyokuwapo. Hapo ikaonekana faida ya ule ulegevu: ubongo huufunga mwili ili mwenye kuota kwamba apigana asimpige mwenzake kitandani, na mwenye kuota kwamba akimbia asijigonge ukutani.

Tuufananishe mwili na nyumba yenye mlinzi. Kila usiku mlinzi hufunga lango, na kulipokucha hulifungua kabla mwenye nyumba hajaamka. Lakini siku nyingine mwenye nyumba huamka mapema, akalikuta lango lingali limefungwa. Ndilo jinamizi hilo: akili imeamka, mwili ungali umefungwa kwa usingizi wa ndoto. Lango hukaa hivyo kwa sekunde chache, au dakika moja mbili, kisha hufunguka lenyewe.

Na ule uzito kifuani? Msuli mkubwa ulio chini ya mapafu haufungwi, nao waendelea kuvuta hewa. Kwa hiyo mtu hakosi pumzi. Lakini misuli iliyo katikati ya mbavu imelegea, naye akitaka kuvuta pumzi ndefu hawezi. Hudhani amekandamizwa. Na kile kivuli? Ndoto haijaondoka bado. Macho yaona chumba cha kweli, nayo ndoto yachora sura yake juu ya ukuta ule ule, hali hofu imekwisha kuamka.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kongo tu. Wayoruba wa Nigeria huyaita «ogun oru», maana yake vita vya usiku. Wajapani husema «kanashibari», yaani kufungwa kama kwa chuma. Watu wa Newfoundland, huko Kanada, husimulia juu ya ajuza akaliaye vifua vya watu. Shida ni ile ile kila mahali. Mshitakiwa ndiye abadilikaye kwa kufuata nchi. Kama mkosaji angekuwa nyanya wa nyumba yetu, je, ni nani amkaliaye Mjapani?

Katika mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya uchunguzi 35 uliofanywa juu ya watu zaidi ya 36,000. Waliona kwamba watu 8 hivi katika 100 wamepatwa na jambo hili walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi hesabu ilifika 28 katika 100. Je, wanafunzi wana adui wengi kuliko watu wengine? Tuseme afadhali kwamba wengi wao hulala kidogo, tena bila saa maalum, hasa mtihani ukikaribia.

Basi, mambo yanayolileta jinamizi ni haya: kukosa usingizi wa kutosha, kulala leo saa tatu na kesho saa nane za usiku, kazi za zamu za usiku, kama wazijuavyo wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi na Likasi, kulala chali, huzuni na wasiwasi, na vitisho vya vita, walivyoviona ndugu zetu wengi wa Kivu na Ituri. Tena hali hii hufuata ukoo. Kwa hiyo mama na binti yake wakipatwa wote wawili, tusiseme nyumba imelogwa. Pengine wamerithishana usingizi kama walivyorithishana sura.

Dawa yake ni rahisi. Lala na kuamka kwa saa zile zile. Lala ubavu. Acha pombe na kahawa usiku. Likikupata, usishindane nalo kwa nguvu zote. Vuta pumzi pole pole, ujaribu kutikisa kidole kimoja tu. Lakini likirudi mara nyingi, au ukishikwa na usingizi wa ghafula mchana, au magoti yakilegea unapocheka, nenda hospitali ukamweleze daktari, kwani kuna ugonjwa wa usingizi unaotaka dawa.

Ninyi wazazi, neno moja linabaki. Mtoto asingiziwaye uchawi hupigwa, hunyimwa chakula, mwisho hufukuzwa akalale sokoni. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamwadhibu afanyaye hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 hata miaka 3, pamoja na faini. Nayo amri ya nane, tuliyojifunza sote katika katekisimu, yakataza kumshuhudia mwenzetu uongo, awe mtoto au mkongwe. Mtu aliyeamka kwa hofu gizani hasemi uongo kwa kusudi, lakini ushahidi wake ni wa ndoto, nao hautoshi kumhukumu hata kuku.

Basi, mtu wa nyumbani akiwasimulia asubuhi kwamba amekabwa, msimwulize, «Ulimwona nani?» Mwulizeni, «Ulilala saa ngapi?» Kisha mwacheni nyanya anywe uji wake kwa amani.