Ajali Hii Ina Kinga

Miongoni mwa methali zinazotajwa kila siku, ipo moja ambayo imegeuzwa kuwa maficho ya wavivu wa madarakani: ajali haina kinga. Husemwa msibani, huandikwa katika taarifa za ofisi, na hurudiwa na wakubwa wanaofika na bahasha ya rambirambi baada ya kibarua kutolewa maiti ndani ya karo la choo, kisima, tangi la kiwanda au ngama ya meli. Wakubwa hao hawaitumii methali hiyo kumfariji mfiwa. Wanaitumia kufunga jalada. Ajali ikishakuwa haina kinga, basi haina mwenyewe. Na ikiwa haina mwenyewe, hapana wa kuulizwa.

Huo ni uongo, na ni uongo unaoua. Kifo cha mtu ndani ya karo ni mojawapo ya vifo vinavyofahamika kwa undani zaidi katika elimu ya kazi. Sababu zake zinajulikana, dalili zake zinajulikana, na kinga yake imekuwamo katika vitabu vya sheria tangu kabla ya wengi wa maofisa wa leo kuzaliwa. Kilichokosekana ni moyo wa kumhesabu mteremka shimoni kuwa ni mtu sawa na yule aliyemtuma.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke, maana ujinga ndio mshirika mkubwa wa udhalimu. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzimia. Ikikaribia asilimia 6 hufa katika dakika chache. Ndani ya shimo lililofunikwa, vijidudu vinavyoozesha taka huila oksijeni hiyo kimya kimya. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa kwa muda mrefu, kutu peke yake huweza kuimaliza, kwani kutu si kitu kingine ila chuma kilichoungana na oksijeni. Ndani ya kihenge kikubwa cha nafaka, au pipa la kuchachushia pombe, hewa ya ukaa hujikusanya chini na kuisukuma nje hewa njema. Mahali hapo hapana moshi wala harufu, na macho hayaoni tofauti yoyote. Mtu huteremka ngazi akiwa mzima, na miguu humlegea kabla hajajua kwamba amekosa pumzi.

Katika makaro na mitaro ya maji taka yupo muuaji mwingine: gesi ya haidrojeni sulfidi, inayonuka kama yai viza. Watu wengi hudhani pua itawaonya. Kweli pua huonya gesi hiyo ikiwa kidogo sana. Lakini ikifika kiasi cha sehemu 100 katika kila sehemu milioni moja za hewa, hulemaza uwezo wa kunusa, na mfanyakazi hudhani kwamba harufu imepungua ilhali sumu imeongezeka. Ikifika karibu na sehemu 1,000, pumzi chache tu humwangusha mtu asiinuke tena. Humo humo pengine imo metani, ambayo huwaka na kulipuka ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15. Na huko visimani, fundi anayeteremsha pampu ya petroli ili akaushe maji, kisha akaifuata chini, anajizika katika kaboni monoksidi inayotoka katika mashine yake mwenyewe, gesi isiyo na harufu wala rangi.

Kwa hiyo kinga zinazotegemewa mitaani si kinga. Kitambaa kilichofungwa puani hakitengenezi oksijeni. Barakoa ya vumbi haizuii gesi. Taa au mshumaa unaoteremshwa kwa kamba, desturi ya wachimba visima tangu zamani, huweza kuonyesha kwamba oksijeni imepungua mno, lakini haumwonyeshi mtu sumu ya yai viza, na penye metani unaweza kuwa ndio kiberiti. Wala mazoea si kinga. Karo lililoingiwa salama jana huweza kuua leo, kwa sababu tope likikorogwa kwa koleo au kwa mguu huachia gesi iliyokuwa imelala ndani yake.

Jambo la kuhuzunisha kuliko yote ni kwamba maiti ya kwanza mara nyingi haitoki peke yake. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu za namna hii walikuwa wale walioingia kuwaokoa wenzao. Mmoja huanguka, ndugu yake huruka kumfuata, jirani huruka kumfuata ndugu. Hao hawakufa kwa uzembe. Wamekufa kwa utu, kwa tabia ile ile ya kutomwacha mwenzio ambayo taifa hili limeifundisha shuleni na mikutanoni. Mwajiri anayempeleka mtu shimoni bila kamba anajua, au angepaswa kujua, kwamba wenzake hawatasimama kutazama. Anautumia utu wa wanyonge kuwa badala ya vifaa ambavyo hakutaka kuvinunua. Huo ni unyonyaji unaozidi ule wa kupunja mshahara.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Historia yawasuta. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilikwisha kukataza mtu kuingia katika tangi, shimo au bomba lenye hatari ya gesi mpaka gesi iondolewe, hewa ipimwe, na mwenye kuingia afungwe mkanda wenye kamba ambayo ncha yake imeshikwa na mtu aliye nje; ama sivyo, avae chombo cha kupumulia. Tangu mwaka huo yamepita zaidi ya miaka themanini. Kamba, mkanda na mtu wa kuishika kamba: hivyo si vyombo vya kwendea mwezini. Marekani iliweka kanuni yake ya vibali vya kuingia mwaka 1993, na Uingereza ikaweka kanuni nyingine kamili mwaka 1997. India, ambayo haikuwa nchi tajiri, ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2013 kumwingiza mtu kwa mikono mitupu kusafisha mitaro na makaro, na mwezi Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikapandisha fidia ya anayekufa mtaroni kutoka rupia 1,000,000 hadi 3,000,000. Hata huko vifo havijakoma. Lakini angalau mahakama imekataa kuviita bahati mbaya.

Tanzania nayo si jangwa la sheria. Sheria ya Viwanda iliyotungwa mwaka 1950 chini ya mkoloni ilifutwa na mahali pake pakachukuliwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wakala wa kuisimamia kazi hiyo ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008. Mwezi Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliitangaza kazi iliyo salama kuwa mojawapo ya haki za msingi za mfanyakazi. Taifa hili pia halikukosa somo la damu: mwezi Juni 2002 wachimbaji wapatao 40 walikufa kwa kukosa hewa safi katika machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani. Basi asitokee mtu kusema kwamba haikujulikana.

Sheria zipo. Ila hazina miguu. Miguu yake ni watumishi wa umma, na hapo ndipo kiini cha shauri hili kilipo. Karo la ofisi halijizibui lenyewe. Kuna ofisa anayeandika barua ya kuomba kazi ifanywe, ofisa anayelinganisha bei, ofisa anayetia sahihi, na mhasibu anayelipa. Bei iliyo chini kuliko zote huchaguliwa, na wote hujipongeza kwa kuokoa fedha za umma. Hakuna anayeuliza bei hiyo imeshukaje. Imeshuka kwa sababu mkandarasi ameondoa kipimo cha gesi, ameondoa feni ya kupulizia hewa, ameondoa kamba, na amewapunguza watu wanne wakawa wawili, tena vibarua ambao majina yao hayakuandikwa popote. Akifa mmoja wao, mjane hana karatasi ya kuonyesha kwamba mumewe alikuwa kazini. Fedha iliyookolewa imetoka katika mapafu ya mtu huyo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa katakata kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likawataja watu kabla ya ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi cha viongozi na dharau yao kwa wanaowaongoza. Dharau haiishii katika matusi na kupiga meza. Dharau iliyo kubwa kuliko zote ni kumwambia binadamu mwenzio, "Shuka humo," mahali ambapo wewe mwenyewe usingethubutu kumshusha mwanao. Kiongozi anayenukuu Azimio jukwaani, kisha akatia sahihi kazi ya karo bila kuuliza habari ya kamba, hajaliasi Azimio kwa maneno. Ameliasi kwa kalamu.

Walimu nao wasijione wako nje ya shauri. Shule nyingi zina vyoo vya shimo, na baadhi zina visima au matangi ya kuvunia maji ya mvua yaliyojengwa chini ya ardhi. Tangi hilo likichafuka, wepesi wa kwanza ni kumtafuta mwanafunzi mwembamba apenye mlangoni akalisugue. Huo si ujenzi wa tabia ya kupenda kazi. Elimu ya kujitegemea haikuwa na maana ya mtoto kubeba hatari ambayo sheria inamkataza mtu mzima. Isitoshe, mwalimu wa kemia huifundisha haidrojeni sulfidi ubaoni, mwanafunzi akaiandika katika mtihani na kupata alama, kisha akaenda kufa kwayo katika karo la jirani kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba gesi ile ya kitabuni ndiyo hii ya uani. Elimu isiyoshuka mpaka shimoni ni mapambo.

Kuna hoja ya mwisho ambayo mabwana hupenda kuitoa: kwamba wafanyakazi wenyewe ni wabishi, hupewa vifaa wakavitupa. Hata ikiwa kweli pengine hutokea, ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi? Mwajiri asiyeshindwa kumkata kibarua ujira kwa kuchelewa nusu saa, vipi ashindwe kumzuia asiingie tangini bila mkanda? Na wale ambao wenyeji wa Dar es Salaam huwaita vyura, wanaoingia vyooni kwa miguu yao kuvitapisha, hawakuichagua kazi hiyo kwa ubishi. Waliachiwa kazi hiyo na mji ambao sehemu kubwa ya wakazi wake haijafikiwa na mabomba ya maji taka, na ambao magari ya kunyonya hayapenyi katika vichochoro vyake. Pampu ya mkono iitwayo Gulper, inayofanya kazi mtu akiwa amesimama juu ya ardhi, imekwisha kutumika katika mji huo huo. Njia ipo, inataka kuenezwa.

Kinachodaiwa ni kidogo na ni wazi. Kwanza, mtu asiingie kabisa ikiwa kazi yaweza kufanywa kutoka nje. Pili, ikilazimu kuingia, pawe na kibali cha maandishi chenye jina la aliyeamuru na saa ya kuanza na kumaliza. Tatu, hewa ipimwe kwa chombo, juu, katikati na chini, oksijeni kwanza, kisha gesi ziwakazo, kisha za sumu. Na upimaji uendelee muda wote wa kazi. Nne, hewa safi ipulizwe ndani, wala isiwe oksijeni tupu, ambayo huchochea moto. Tano, anayeingia afungwe mkanda na kamba iliyopita katika kapi, na mwangalizi asiyeondoka abaki mlangoni. Sita, akianguka mtu, avutwe kutoka nje. Asiingie mwokozi asiye na chombo cha kupumulia. Masharti hayo yaandikwe katika kila mkataba wa umma, na bei isiyoyagharimia itupwe kabla ya kulinganishwa na nyingine. Wawakilishi wa usalama na afya ambao sheria ya 2003 inawataja wapewe uwezo wa kusimamisha kazi bila kuogopa kufukuzwa.

Mtumishi wa umma atakayesoma masharti hayo na kuyaona mzigo, na akumbuke kwamba kalamu yake ndiyo inayofungua mfuniko wa karo. Maiti ikitolewa, uchunguzi usianze kwa kuuliza kama marehemu alikuwa mzembe. Uanze kwa kuuliza nani alitia sahihi, alilipia nini, na kamba ilikuwa wapi. Siku maswali hayo yatakapoulizwa kwa sauti na kujibiwa kwa majina, methali ya wavivu itakosa pa kujificha.