Siri ya muumini si mada ya mahubiri

Makanisa ya Tunduma hayana uhaba wa vipaza sauti. Kuanzia Sogea hadi Mpemba, mkutano wa injili ukifunguliwa, somo la ushoga halikosi siku yake, na mkutano mzima huitikia kwa vigelegele. Hatuna ugomvi na haki ya kanisa kuhubiri linachoamini. Msimamo wenyewe unajulikana. Maaskofu wa KKKT walizikataa ndoa za jinsia moja katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010. Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kupitia umoja wao, SECAM, walisema kuwa baraka zilizoruhusiwa na waraka wa Roma wa Desemba 18, 2023 hazitatolewa kwa wapenzi wa jinsia moja barani humu.

Mafundisho, basi, yameshatolewa. Kilichozembewa ni ofisi ya pili ya mchungaji, ile ya mlango uliofungwa na viti viwili.

Wapo watumishi wanaosema kwamba kukaa na mtu mwenye mapenzi ya jinsia moja na kumsikiliza ni kulea dhambi. Kwao, dawa ni kukemea. Wanasahau kwamba hata Azimio la Lambeth la mwaka 1998, ambalo maaskofu Waanglikana wa Afrika walilipigania, lilikataa mapenzi ya jinsia moja na papo hapo likaahidi kuwasikiliza wanaohusika na likawataka waumini wote kuwahudumia kwa upole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inaagiza wapokewe kwa heshima na huruma. Nusu ya maneno hayo husomwa mimbarani kila mara; nusu nyingine imeachwa kabatini.

Uzembe huu unaumiza watu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa kosa la kujamiiana kinyume cha maumbile. Kijana anayemfungulia mzee wa kanisa moyo wake siku ya Alhamisi, kisha Jumapili akasikia habari zake zikitolewa kama mfano, hata bila jina, hana pa kwenda. Mtaa utamtambua kabla ibada haijaisha. Tunduma ni mji wa mpakani: wapagazi, madereva wa malori, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Nakonde, Zambia, na kurudi, habari husambaa stendi haraka kuliko sehemu nyingi za mkoa huu wa Songwe. Nyumba inaweza kupigwa mawe, kazi ikapotea, polisi wakaitwa, na aliyeanzisha yote ni mtu aliyeaminiwa kwa sababu ya vazi lake.

Mkoa huu unajua namna bora ya kufanya. Pale Mbozi Mission, Kanisa la Moravian lina hospitali, na muuguzi anayetoa ushauri nasaha wa virusi vya UKIMWI anabanwa na sheria ya mwaka 2008 kutunza majibu ya mgonjwa. Akiropoka, atawajibika. Mzee wa kanisa anayefanya maombi nyumbani kwa watu anabanwa na nini? Padri walau anajua kwamba akiivunja siri ya kitubio atatengwa na kanisa lake. Katika makanisa mengi yaliyoota kando ya barabara kuu hakuna kanuni yoyote, ila busara ya mchungaji, kama anayo.

Neno pia kwa wanaopeleka vijana hao kwenye mikesha ya kutolewa pepo, wengine wakifungiwa ndani na kulazimishwa kufunga kula. Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililotangaza kwa miongo kadhaa kuwa watu wanaweza kuacha kuvutiwa na jinsia yao, lilijifunga lenyewe Juni 2013, baada ya kiongozi wake kuomba radhi kwa maumivu waliyowasababishia watu. Maombi ni haki ya kila muumini. Kumfungia mtu ndani ni jinai, na kumwita mfungaji mtumishi wa Mungu hakubadilishi kosa.

Tunawataka viongozi wa majimbo, dayosisi na makanisa yote ya Songwe waandike kanuni ya ushauri wa kichungaji na kuisoma mbele ya waumini: mshauri awe amefundishwa, atunze siri isipokuwa pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto uko hatarini, na asilazimishe maombi kwa yeyote. Mchungaji au mzee atakayetoa siri ya muumini mimbarani avuliwe huduma, bila kuhamishiwa usharika mwingine.