MWENZAKO AKIKUKAGUA, USIKASIRIKE



Kwa kawaida ukurasa huu unasema juu ya kofia, viatu, vumbi na dawa. Mara hii tutasema juu ya sinema ya polisi. Usifikiri tumepotea njia. Katika sinema hiyo kuna watu wawili wanaofanya kazi pamoja bila kupendana, na kidogo kidogo wanaanza kuaminiana. Namna imani yao inavyozaliwa ina faida kwa kila mtu anayeshuka shimoni na mwenzake.

Sinema hiyo inaitwa In the Heat of the Night. Wale walioiona kwa Kifaransa wanaijua kwa jina la Dans la chaleur de la nuit. Ilitoka Marekani mwaka 1967, mwaka uleule ambao mashimo ya shaba ya Katanga yalitoka mikononi mwa Union Minière na kuingia katika kampani ya serikali. Mkurugenzi wake ni Norman Jewison, na hadithi inatoka katika kitabu cha John Ball cha mwaka 1965. Sidney Poitier anacheza Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi wa mji wa Philadelphia. Rod Steiger anacheza Bill Gillespie, mzungu, mkubwa wa polisi katika mji mdogo wa Sparta, jimbo la Mississippi. Mwezi wa 4 mwaka 1968 ilipata zawadi 5 za Oscar, na moja ilikuwa ile ya sinema bora ya mwaka.

Walianza kwa dharau

Usiku mmoja tajiri wa Chicago, aliyekuja Sparta kujenga kiwanda, anaonekana barabarani amekufa. Polisi anakwenda kituo cha treni, anamkuta mtu mweusi amekaa peke yake anangoja treni, na mfukoni ana pesa. Kwao hayo yanatosha. Wanamkamata. Gillespie anamtendea kama mwizi na muuaji, mpaka Tibbs anapotoa kitambulisho chake cha polisi. Na hata hapo Gillespie hatosheki. Anapiga simu Philadelphia kuuliza. Kule wanamjibu kwamba mtu huyo ni bingwa wa kuchunguza mauaji. Tena anasikia kwamba mshahara wa Tibbs ni dola 162 na senti 39 kwa juma, na roho inazidi kumwuma.

Uangalie vizuri, ndugu msomaji. Hapa hakuna upendo. Mmoja anadharau, mwingine ana hasira. Lakini kazi iko pale: maiti imelala, muuaji anatembea, na Gillespie hajui kuchunguza maiti. Tibbs anajua. Basi wanalazimika kufanya kazi pamoja, kama vile kapita anavyokupa mwenzi wa ekipe bila kukuuliza kama unampenda.

Mimi nasema: hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafikiri imani inatoka katika urafiki, kwamba mtu wa kijiji chetu, au mtu tunayekunywa naye siku ya mshahara, ndiye wa kuaminiwa kazini. Sinema hii inatufundisha namna nyingine. Imani ya kazini inatoka katika kuona, siku kwa siku, kwamba mwenzako anahakikisha mambo mbele ya kusema, na kwamba hakuachi saa ya hatari.

Kukagua si kutukana

Gillespie anamkamata kijana aliyeshikwa na pochi ya marehemu. Anafurahi, kesi imekwisha. Tibbs anakuja na kumwambia kwamba aliyempiga marehemu alitumia mkono wa kuume, na kijana huyu ni mtu wa mkono wa kushoto. Si yeye. Gillespie anawaka hasira, hata anamfungia Tibbs ndani ya seli. Anaona ametukanwa mbele ya watu wake. Lakini ukweli unabaki ukweli, na kijana ambaye hakuua haendi kufa kwa kosa la mtu mwingine.

Baadaye Gillespie anamkamata polisi wake mwenyewe, Sam Wood. Tibbs anasema tena: si yeye. Marehemu aliuawa mahali pengine, akaletwa mjini ndani ya motokari yake mwenyewe, na mtu mmoja hawezi kuendesha motokari mbili kwa wakati mmoja. Mara hii Gillespie anakasirika tena, lakini hasira yake si ile ya kwanza. Amekwisha kujua kwamba mtu huyu hasemi ili kumwaibisha. Anasema kwa sababu amehakikisha.

Sasa tushuke shimoni. Kijana wa ekipe anachukua chuma na kugonga mwamba wa juu. Mwamba mzima unalia kwa sauti kali na safi. Mwamba uliolegea unatoa sauti ya ngoma. Kijana anamwambia mkubwa wake: hapa panalia vibaya, tusiingie. Na mkubwa anajibu: mimi nimefanya kazi hapa mbele hujazaliwa, utanifundisha nini? Hapo ndipo Gillespie wa siku ya kwanza anaposema kwa kinywa chetu. Miaka mingi ya kazi ni mali, lakini mwamba hausomi kitabu chako cha kazi. Ukilegea unaanguka juu ya mzee na juu ya kijana sawasawa.

Tena mtu anayetengeneza mashini. Umeme umekatwa, ametia kufuli lake na ufunguo uko mfukoni mwake. Mwenzake anakuja na kujaribu kuwasha, ili kuhakikisha kwamba kweli mashini imekufa. Je, amemtukana? Hapana. Amemwambia kwa vitendo: ninataka urudi nyumbani na mikono yako miwili. Mimi ninaona hakuna neno la urafiki linaloshinda hilo.

Wengine watanijibu: ukinikagua, maana yake huniamini. Ninawajibu hivi: mtu usiyekaguliwa naye kamwe haaminiki bado, amezoeleka tu. Kuzoeana na kuaminiana si kitu kimoja. Mazoea yanasema: jana hakuna kilichotokea, na leo hakitatokea. Imani inasema: mwenzangu ameangalia, nami nimeangalia, sasa twende.

Hata bingwa anakosea

Jambo lingine linanipendeza katika sinema hii. Tibbs naye si malaika. Kuna tajiri mmoja wa mashamba ya pamba, Endicott, asiyetaka kiwanda kijengwe. Anampiga Tibbs kofi, na Tibbs anamrudishia kofi palepale, mbele ya Gillespie. Kwa watu wa mwaka 1967 lilikuwa jambo la kushangaza, mweusi kumrudishia mzungu kofi ndani ya sinema. Kiisha Tibbs anataka sana Endicott awe ndiye muuaji. Anaomba siku mbili tu, amwangushe. Na nani anamwonyesha kwamba hasira imemfunga macho? Gillespie. Anamwambia kwamba naye amekuwa sawa na watu wa mji ule. Tibbs ananyamaza, anafikiri. Endicott hakuua. Muuaji ni mtu mwingine kabisa, mfanyakazi wa mahali pa kula.

Kwa hiyo kukagua kunakwenda pande zote mbili. Leo kijana anamwonya mzee, kesho mzee anamwonya kijana. Yule anayekubali kuonywa na anayethubutu kuonya, wote wawili wanajenga nyumba moja.

Saa ya hatari ndiyo shahidi

Watu wanne wenye vyuma na minyororo wanamfukuza Tibbs mpaka ndani ya jengo tupu. Wanataka kumpiga, pengine kumwua. Gillespie angeweza kuchelewa. Nani angemlaumu katika mji ule? Lakini anafika, anasimama kati yao, anawafukuza. Hasemi maneno mazuri. Anafanya tu yaliyo kazi yake, na mtazamaji anajua kwamba kitu kimebadilika.

Tena hofu ile haikuwa ya sinema tu. Mwaka 1964 Poitier mwenyewe, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte, walifukuzwa kwa motokari na watu wa Ku Klux Klan huko Mississippi, walipopeleka pesa za kuwasaidia vijana waliopigania haki za weusi. Kwa sababu hiyo hakukubali sinema ipigwe kule, na sehemu kubwa ilipigwa kaskazini, katika mji mwingine uitwao Sparta, jimbo la Illinois. Hata yeye alihakikisha mbele ya kuingia mahali pa hatari. Hakuna aliyemwita mwoga.

Nawaomba mshike neno hili, kwa maana ndani ya mashimo kuna ushujaa unaoua. Mwenzako akianguka mahali penye hewa mbaya, moyo unakusukuma umkimbilie. Usiingie. Gesi ya moshi inayoitwa monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Iliyomwangusha yeye itakuangusha wewe pia, na badala ya mtu mmoja wa kuokoa tutakuwa na wawili. Piga kelele, toa habari, ita watu wa kuokoa wenye vyombo vya kupumulia. Kumwokoa mwenzako ni kuleta msaada unaoweza kumtoa mzima.

Wawili wa nyumbani

Usiku mmoja Gillespie anamkaribisha Tibbs nyumbani kwake. Wanakunywa. Mkubwa wa polisi anafungua moyo: hana bibi, hana watoto, na hakuna mtu anayekuja kumtembelea. Ni mara ya kwanza tunamwona bila kofia yake ya ukubwa. Lakini Tibbs anapomjibu kwa upole, Gillespie anaona haya na kurudi katika ukali wake. Imani ilikuwa imefungua mlango, kiburi kikaufunga.

Waume wengi wa kambi wanafanya vilevile juu ya afya. Mtu anakohoa, anakonda, usiku anatoa jasho. Bibi yake anamwuliza, naye anajibu kwa ukali: mimi ni mwanaume, ni vumbi tu. Ndugu, vumbi la mawe si kitu cha kusema «tu». Linaingia ndani ya mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yaliyoharibiwa na vumbi yanashikwa upesi na kifua kikuu. Lakini kifua kikuu kinapona, kwa dawa za miezi 6 kwa kawaida, kama mgonjwa anakuja mapema na kumaliza dawa zote.

Kwa hiyo, mama, bwana wako akikohoa zaidi ya majuma 2, usinyamaze kwa kuogopa hasira yake. Mlete dispanseri. Nguo zake za kazi usizikung'ute ndani ya nyumba. Zitie majini kwanza. Na wewe mfanyakazi, ukimwona mwenzako wa ekipe amepungua nguvu, usimcheke wala usimfiche kwa kapita ukidhani unamsaidia. Mwambie kwa siri, ufuatane naye mpaka kwa mganga. Na dereli yako ikikauka maji, simamisha kazi, hata kama mwenzako ana haraka. Maji ndiyo yanayolaza vumbi.

Valizi moja

Mwisho wa sinema wawili hao wanafika kituo cha treni. Muuaji amekamatwa, Tibbs anarudi kwao. Na Gillespie, yule aliyemwita mwizi siku ya kwanza, anabeba valizi ya Tibbs. Anamwambia neno fupi la kumtakia salama. Wanatazamana, wanacheka kidogo. Basi. Hawakumbatiani, hawaapi kuwa ndugu. Lakini mtazamaji anasikia moto moyoni, kwa sababu anajua valizi ile imelipiwa: kwa simu iliyopigwa kuhakikisha, kwa kijana aliyeokolewa, kwa kosa lililosahihishwa, kwa saa ya hatari ambayo mmoja hakumwacha mwenzake.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi naongeza kwamba vidole viwili navyo lazima vikutane. Kesho utakapoanza kazi, mwenzako akikuuliza kama umegonga mwamba, kama umetia kufuli, kama umekwenda kwa mganga, usikunje uso. Mjibu, kiisha mwulize naye vilevile. Na jioni, mkitoka nje wote wawili wazima, mchukulie mfuko wake mpaka mlangoni.

Afya na usalama kwenu nyote.