Kabla hujamkabidhi kijana funguo za duka, mwulize timu yake ya basketi inaendeleaje

Leo sitaongelea mashine ya EFD wala mikopo ya kwenye simu. Naongelea gemu. Najua wapo watakaopita haraka wakisema huyu bwana kaishiwa, lakini nivumilieni dakika tano, maana hili jambo lina hela yangu ndani yake.

Nina duka la vifaa vya pikipiki hapa Lisekese. Tairi, tyubu, plagi, breki, oili, vitu vya kawaida. Mwezi wa kumi nafungua kibanda cha pili, na atakayekisimamia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mwaka mzima nimekuwa naambiwa na majirani: "Huyo kijana wako ana simu sana. Anabeti huyo." Nikachungulia simu yake. Kweli, ni mpira wa kikapu, namba namba nyingi, pesa inapanda inashuka. Nikamwuliza, akanijibu, "Mjomba, hapa hakuna hela yangu hata mia. Hii ni timu yangu." Nikamwambia kaa hapa unionyeshe timu yako inakulaje na inapataje. Tukakaa karibu saa mbili.

Mchezo wenyewe unaitwa BuzzerBeater, upo tangu 2007. Hushiki mchezaji ukamkimbiza uwanjani. Wewe ni meneja. Unapewa timu ya watu usiowachagua, uwanja mdogo, na pesa kidogo ya kuanzia, pesa ya mchezo, sio ya benki. Kila wiki mishahara inakatwa upende usipende. Mapato makubwa yanatoka kwenye tiketi za mechi za nyumbani. Wachezaji wananunuliwa kwa mnada, unashindana na mameneja wengine ambao ni watu kweli, wapo nchi nyingi. Msimu mmoja ni wiki 14. Ukiamua kitu leo, jibu lake unaliona baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine baada ya misimu.

Hapo ndipo mimi naachana na wale majirani. Dubwi linakula sarafu na kukupa jibu kwa sekunde. Mkeka wa virtual unakupa jibu kwa dakika mbili tatu, na unaloliamua ni moja tu, kiasi cha kuweka. Huu mchezo hauna mahali pa kuweka hela upate hela. Kuna huduma ya ziada ya kulipia, lakini mgeni haihitaji kabisa. Kwa hiyo mzazi au bosi ukimkuta kijana na mpira kwenye kioo, usianze na makofi. Mwulize maswali mawili: hela yako inaingia humo? Na uliloamua mwezi uliopita bado lina uzito leo? Majibu yatakuambia kama ana mchezo au ana ugonjwa.

Maoni yangu, na najua si wote mtakubali: kijana aliyeendesha timu ya namna hii misimu mitatu bila kufilisika, mimi namwamini na kibanda kuliko aliyehudhuria semina tano za ujasiriamali akarudi na fulana. Ila lazima umwulize aliendeshaje. Maana wengi wanaanza vibaya, na namna wanavyoanza vibaya ndo vile vile sisi tunavyoanza vibaya madukani.

Mgeni akiingia anaona ana pesa. Anakimbilia mnadani kununua staa mmoja wa miaka 31, 32. Huyo bei yake ya kununua inaonekana ndogo ukilinganisha na uwezo wake. Kwa nini ni ndogo? Kwa sababu mshahara wake ni mkubwa na umri umekwenda. Bei unalipa mara moja, mshahara unalipa kila wiki. Wiki ya nne ya tano mgeni anashangaa mbona anashinda mechi lakini salio linashuka. Nimeona watu Masasi hapa wanachukua fremu nzuri mbele ya barabara kwa sababu aliyetoka kawaachia rafu na kabati bure. Hawaulizi kwa nini katoka. Kodi ya fremu ndo mshahara wa staa.

Na kuna mtego mwingine. Kwenye ligi za chini unaloanzia, timu nyingi zinaendeshwa na kompyuta, hazina meneja. Mgeni anazipiga zote, anajiona kocha. Hajajua bado kama anajua. Sisi huku tunalo la kwetu: korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi, wakulima wakilipwa kupitia vyama vyao, kuanzia hapo mpaka Januari hata mwenye duka asiyejua kuandika daftari anauza. Pikipiki zinanunuliwa, tairi zinabadilishwa kabla hazijaisha. Mtu anaona mauzo ya Novemba anapanga maisha kwa Novemba. Anaingiza redio kubwa, televisheni, sofa. Ikifika Machi, Aprili, mvua, hakuna mtu ana shilingi, na sofa liko pale limefunikwa nailoni. Novemba ni timu za kompyuta, ndugu zangu. Kipimo cha duka lako ni Aprili.

Sasa lile jambo la mazoezi, ambalo ndo lilinifanya nikae saa mbili badala ya dakika kumi.

Kwenye mchezo huu kila wiki unachagua zoezi moja tu la timu nzima. Huwezi kusema huyu afundishwe kutupa mpira wa mbali, yule kuzuia, yule pasi. Moja. Na anayefaidika ni aliyecheza kwenye nafasi inayofanyiwa zoezi hilo, akatimiza dakika 48 kwa wiki. Haya, piga hesabu kama muuza duka. Mechi kwa wiki ni tatu, mbili za ligi na moja ya kirafiki au ya kombe. Kila mechi dakika 48. Nafasi moja uwanjani ina dakika 144 kwa wiki nzima. Maana yake ukiamua kufundisha nafasi moja, wanafunzi wako wanaoshiba ni watatu tu. Ukiwaweka sita, kila mmoja anapata nusu, na wote sita wanabaki nusu nusu.

Mpwa wangu alinieleza hilo kama mtu anayeeleza kitu rahisi. Mimi nikawa naangalia rafu zangu. Nina aina za plagi ambazo hazijaguswa tangu mwaka juzi. Mtaji wa mtu mdogo una dakika 144, hauna zaidi. Ukiugawa kwenye vitu arobaini, kila mteja akija unacho kimoja na hukina kile anachotaka. Wageni wanaofanya vizuri kwenye mchezo wananunua vijana watatu wa miaka 18 au 19, wa aina moja, bei ndogo, mshahara mdogo, wanawafundisha kitu kimoja kwa muda mrefu. Vijana ndo wanashika mazoezi haraka, umri ukipanda kasi inapungua. Wanapoteza mechi mwanzoni kwa sababu ya hao watoto. Wanavumilia. Aliyepanda mikorosho ananielewa, hakuna anayesimama chini ya mche wa mwaka mmoja na kikapu.

Kuna gharama ambayo wengi hawaioni. Kila msimu mpya ukianza, mchezo unapanga upya mishahara kulingana na uwezo. Yule mtoto uliyemfundisha sasa ni ghali. Inabidi uamue: unamlipa au unamuuza. Wanaolalamika hapo nawashangaa. Kijana wa dukani ukimfundisha vizuri, akajua wateja, akajua Dar mzigo unatoka wapi, ukimlipa mshahara ule ule wa siku ya kwanza atafungua duka mbele yako. Na atakuwa na haki.

Jingine nililolipenda ni la mnada. Ukimnunua mchezaji leo ukamuuza wiki ijayo, mchezo unakukata. Unabaki na sehemu ndogo ya pesa kuliko aliyekaa na mchezaji muda mrefu, na ukifanya hivyo mara nyingi makato yanaongezeka. Waliouunda waliona kuwa udalali wa siku moja ungeharibu timu zote. Sisi wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana, tunaijua kangomba. Mtu anapita na hela taslimu kabla ya msimu, ananunua korosho kwa kipimo chake, mkulima kabanwa na ada ya shule, anatoa kwa bei ya kutupa. Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho 2007 pamoja na mengine kuzuia hayo, na ina matatizo yake ambayo leo siyagusi. Ninachosema ni kwamba biashara ya kuchukua na kurusha ipo, wapo waliotajirika nayo, lakini kwa mtu anayeanza na laki nane sio shule nzuri. Haikufundishi kukaa na mzigo, kukaa na mteja, kukaa na mwezi mbaya.

Halafu kuna kununua kwa macho. Mwaka 2009 kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mtanzania wa kwanza kufika kule. Tulifurahi na tulikuwa na haki ya kufurahi, ni wachache mno duniani wanaofika hapo. Urefu wake unapita mita 2.2, na kila timu inatamani mtu mrefu chini ya kikapu. Lakini mwaka huo huo namba tatu alikuwa James Harden, na namba saba Stephen Curry, ambaye kwa mtu wa basketi wala sio mrefu. Curry akaja kuwa mchezaji bora wa ligi 2015 na 2016, Harden 2018. Hasheem mechi zake za mwisho za NBA zilikuwa msimu wa 2013/14. Sio kosa lake yeye, hakujichagua namba mbili. Ni mnunuzi aliyelipia kitu kinachoonekana haraka. Kwenye BuzzerBeater ni hivyo hivyo, urefu unasaidia baadhi ya mazoezi kuingia haraka, lakini wenyewe haufungi kikapu. Na tairi yenye kashata nene inayong'aa si lazima iwe tairi ngumu. Bodaboda wanaotoka Newala kwa barabara ya mlimani watakuambia ipi inarudi nzima.

Wapo wataosema gemu ni gemu, maisha ni mengine. Nakubali nusu. Mchezo hauna madeni ya wateja. Hakuna mtu kwenye ule uwanja anayesema niandikie tiketi, nitalipa korosho zikilipwa. Huku kwetu daftari la madeni linaua maduka kuliko kitu kingine chochote, na kijana anayetoka kwenye gemu hajawahi kumkatalia mtu mzima anayemwita mwanangu na kumwomba tyubu ya mkopo. Hilo hakuna kompyuta itakalomfundisha. Pia kule ukikosa pesa mnada haukukubalii, huwezi kununua kwa pesa usiyo nayo. Huku simu inakukopesha saa sita usiku, bila kukuuliza unanunua nini. Na timu ikifa unafungua nyingine. Kibanda changu kikifa, laki nane yangu imekwenda, na dada yangu hatanisemesha vizuri mpaka Idi.

Na bando nalo ni hela. Mchezo huu hauhitaji zaidi ya dakika kumi kwa siku, wachezaji wanapangwa asubuhi, mechi inachezwa yenyewe. Akikaa nao saa tatu huku mteja anagonga meza, tatizo sio mchezo, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwondoa.

Basi tulivyokubaliana na mpwa wangu ni hivi. Kibanda kinaanza na vitu vya aina tatu tu: tyubu na tairi, breki, na oili. Plagi na taa mteja akitaka, anamleta huku kwangu. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna mkopo kwa mtu yeyote, akibanwa aseme "mjomba kakataa", mimi nitachukua lawama. Kila Jumapili jioni analeta daftari, tunapiga hesabu za kodi, umeme, chakula chake na mzigo uliobaki. Mauzo ya Oktoba mpaka Desemba hatuyahesabu kama ushindi. Januari tunapanga mshahara wake upya kwa kuangalia daftari. Aliponiuliza itakuwaje akifika Aprili bila hasara, nikamwambia tutaongelea kibanda kuwa chake kwa nusu. Akacheka, akasema kumbe mjomba na wewe unataka kufundisha kijana umuuze. Nikamwambia hapana, wewe nimeamua kukulipa.