Kibao cha Shingoni



Naomba nafasi katika kurasa zako niseme neno juu ya kibao anachovikwa shingoni mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya kwao. Wako wasemao ndiyo njia ya kutufundisha Kiingereza na kutufanya watu wamoja. Mimi siafiki.

Kwetu mashariki jambo hili si geni. Mwaka 1899 Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, aliingia Bukedi na askari wake; mji wa Mbale ulianza kwake. Toka 1906 hata 1913 alikuwa mkuu wa baraza la Busoga. Waganda waliwekwa kutawala nchi za watu, na Kiganda kikawa lugha ya baraza, ya korti na ya kanisa, maana Biblia ya Kiganda ilikuwa tayari tangu 1896. Mgisu aliyetaka kumshtaki mwizi wa ng'ombe, au kusali tu, ilimpasa kuazima ulimi wa mwingine.

Ajabu ni hii: mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa mwenyewe alipinga Kiswahili kisifanywe lugha ya Uganda, akiwahofia watu wake na desturi zao. Naona alikuwa na haki. Lakini Wasoga na Wagisu, nani aliwauliza?

Na kibao si uvumbuzi wetu. Katika karne ya 19 watoto wa Wales walivikwa kibao chenye herufi WN kwa kosa la kusema Kiwelshi shuleni. Leo Kiwelshi ni somo katika shule za serikali za huko. Wenyewe wamekitupa kibao, sisi twakitunza!

Kiingereza nakitaka. Kiswahili nakipenda, nacho Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe somo la lazima; ila kikija kwa kibao nitakipinga vilevile. Tangu 2007 watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya kwao. Wakifika kwetu waadhibiwe kwa hiyo hiyo?

Nimemwona kijana wa kidato cha kwanza, mtoto wa Wakaramoja waliohamia Masese, akikaa juma zima bila kusema na mtu kwa kuogopa kibao. Je, huyo amejifunza Kiingereza gani?

Nawaomba walimu wetu wakiondoe kabla ya muhula ujao. Nanyi wanafunzi wa zamani, tuandikieni: siku zenu kilikuwako? Na waliokivaa sana walikuwa akina nani?