Kimya cha Mnunuzi Ndicho Mtaji wa Tapeli

Kununua kitu ambacho macho hayajakiona kumekuwa desturi katika miji ya Thika na Ruiru. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi 2007, na hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, mkazi wa Makongeni aweza kuiona simu au kipakatalishi mtandaoni asubuhi, akakilipia mchana, na jioni akapokea kifurushi chake kutoka kwa kondakta wa matatu iliyotoka Nairobi. Kwa mwalimu asiye na nafasi ya kushinda siku nzima akizunguka barabara ya Luthuli, na kwa mwanafunzi wa chuo anayehesabu hata nauli, hiyo ni neema isiyopaswa kudharauliwa.

Wengi wa wanaouza kwa njia hiyo ni watu waaminifu wanaojitafutia riziki ya halali. Makala haya hayawalengi hao. Ninachotaka kukichambua ni swali ambalo walimu na wanafunzi huulizana kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu: pesa zikishaondoka na bidhaa isifike, mnunuzi afanye nini?

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni fupi: "Nimemwachia Mungu." Sina ugomvi na anayemwachia Mungu. Lakini sijui dini yoyote inayomkataza mja wake kwenda kituo cha polisi au mahakamani kudai haki yake. Nionavyo mimi, huo "uchaji" wetu aghalabu ni aibu iliyovishwa kanzu. Mwalimu anaogopa kuchekwa na wenzake katika chumba cha walimu, naye mwanafunzi anaogopa kumweleza mzazi kwamba pesa za karo zimeliwa. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko sisi. Akiba yake kubwa si ujanja wake, bali ni kimya chetu.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe, maana hauna mambo mengi mapya. Bei huwekwa chini mno kuliko ile ya soko. Mnunuzi huharakishwa kwa kuambiwa kwamba kuna wengine watatu wanaoitaka bidhaa iyo hiyo. Hutakiwa kutuma arbuni, au bei yote, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Akishatuma, huambiwa mzigo umekwama na unahitaji ada kidogo ya kuukomboa. Akituma hiyo nayo, simu haipokelewi tena.

Mchezo huo una ndugu yake mkubwa, nao ni mnada wa uongo. Mara kadhaa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, imelazimika kuwaonya wananchi dhidi ya watu wanaojifanya maofisa wake na kutangaza mtandaoni kwamba wanauza kwa bei ya kutupa magari yaliyotwaliwa bandarini Mombasa. Anayejua jinsi mnada wa kweli wa forodha unavyoendeshwa hawezi kunaswa kwa urahisi. Bidhaa ambazo mwenyewe hakuzitoa kwa wakati hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye mali akapewa muda wa kuzikomboa, na siku za watu kuja kuzikagua zikatajwa kabla ya kunadiwa. Hali kadhalika, madalali wa kawaida huongozwa na Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, na kila mmoja wao hutakiwa kuwa na leseni. Mnada usio na tangazo, usio na dalali mwenye leseni wala siku ya ukaguzi, si mnada bali ni mtego.

Sasa tuseme mtego umekwisha kunasa. Mnunuzi ana milango mitatu ya kubisha, na kosa la wengi ni kuubisha mmoja tu, ukikawia kufunguliwa wakarudi nyumbani.

Mlango wa kwanza ni wa pesa zenyewe, nao hufungwa upesi. Aliyetuma kwa M-Pesa aweza kuomba muamala urudishwe kwa kuupeleka ule ujumbe wa kuthibitisha malipo kwa nambari 456. Lakini tusidanganyane. Huduma hiyo ilibuniwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kwa mtu asiyekusudiwa, na mpokeaji akishazitoa kwa wakala, kampuni haina cha kurudisha. Wapo pia wanunuzi wakorofi ambao huupokea mzigo kisha wakaomba pesa zirudishwe, wakamwibia muuzaji mnyonge. Kwa hiyo mwombaji aeleze ukweli mtupu, na aombe katika dakika za mwanzo, si siku ya tatu. Aliyelipa kwa kadi ya benki naye aandikie benki yake bila kuchelewa, akiupinga muamala huo na kutoa sababu.

Saa hizo hizo za mwanzo ndizo za kukusanya ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tangazo la bidhaa lipigwe picha kabla halijafutwa. Mazungumzo yote yahifadhiwe, pamoja na jina na nambari iliyopokea pesa, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hasira isimfanye mnunuzi kuufuta ujumbe wa mtu aliyemuudhi, kwa maana ujumbe huo ndio shahidi wake.

Ushahidi ukishakusanywa, muuzaji aandikiwe dai. Liwe fupi na lisilo na matusi: nililipa kiasi fulani tarehe fulani kwa bidhaa fulani, haijafika, niletee bidhaa au nirudishie pesa kabla ya siku fulani. Dai hilo lina kazi mbili. Muuzaji aliyechelewa tu kwa uzembe hushtuka na kutimiza ahadi, na yule mwenye nia mbaya hujifichua kwa majibu yake au kwa kimya chake.

Hapa ndipo tunapofikia tofauti ambayo wengi hawaijui, nayo huwagharimu. Si kila asiyeleta bidhaa ni mhalifu. Aliyekuwa na bidhaa, akaahidi kuileta kisha akashindwa, amevunja mkataba, na deni lake ni la madai. Aliyedai ana bidhaa ambayo hakuwa nayo kamwe, au aliyejiita mtu asiyekuwa yeye, ametenda jinai. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka 3. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inatoa adhabu ya hadi kifungo cha miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 20, au vyote viwili, kwa ulaghai unaofanywa kwa kompyuta.

Kwa hiyo anayebisha mlango wa pili, yaani wa polisi, asiseme tu, "Nilimlipa mtu na hajaniletea." Akisema hivyo, ofisa aliye kwenye meza ana sababu ya kumjibu kwamba hilo ni deni, aende akadai kwingine. Aeleze ule uongo wenyewe: picha ilikuwa ya mtu mwingine, duka lililotajwa halipo, jina lililopokea pesa si la aliyeuza. Ahakikishe taarifa yake imeandikwa katika kitabu cha matukio na apewe nambari yake. Asiporidhika, Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina nambari ya simu isiyotozwa malipo, 0800 722 203. Aidha, jumbe za ulaghai kwa wateja wa Safaricom hupelekwa kwa nambari 333 bila malipo.

Polisi ndio wenye uwezo wa kuomba amri ya mahakama ili kampuni ya simu ifichue laini imesajiliwa kwa jina la nani. Raia hawezi kulifanya hilo peke yake, wala asijaribu. Zipo laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari. Anayeanika jina na picha mtandaoni akiita "mwizi" aweza kumtia hatiani mama mzee wa kijijini ambaye kosa lake ni kukiacha kitambulisho chake mikononi mwa mtu mbaya. Wala mtu asimwamini anayejitokeza baadaye na kudai kwamba atazirudisha pesa hizo kwa ada ndogo. Huyo mara nyingi ni tapeli wa pili, anayemla aliyekwisha kuliwa.

Mlango wa tatu ndio usiojulikana sana, ingawa ndio uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mdogo. Ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Sheria inataka dai liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa. Si lazima mtu awe na wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi zinazowatisha watu kwingineko. Thika ni mojawapo ya miji iliyopewa mahakama hiyo. Aliye Ruiru na aulize katika masijala ya mahakama ya mji wake aelekezwe.

Nyuma ya mlango huo yumo mlinzi mkubwa zaidi, yaani Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 46 inampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na haki ya kulipwa fidia kwa hasara aliyoipata. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inaitambua mikataba inayofanywa kupitia intaneti, na inamtaka muuzaji ajieleze waziwazi kabla ya kupokea pesa.

Hata hivyo, mlango huo una kizuizi. Mahakama haiwezi kumwita mtu asiyejulikana jina lake halisi wala anakopatikana. Ndiyo sababu milango hii hutegemeana: polisi humtafuta asiyejulikana, na mahakama humlipisha anayejulikana. Ndiyo sababu pia busara kubwa ni ile ya kabla ya kulipa. Nunua kwa mtu ambaye, mambo yakiharibika, waweza kumtaja kwa jina na mahali. Lipa mzigo ukiwa mbele yako umefunguliwa, hata ikiwa ni kwenye ofisi ya vifurushi ya matatu. Anayekataa kabisa malipo ya namna hiyo amekwisha kukwambia jambo fulani kuhusu nafsi yake.

Najua kuna watakaouliza: ya nini taabu yote hiyo kwa shilingi elfu nane? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Shilingi elfu nane za mwanafunzi wa Thika ni chakula chake cha wiki kadhaa. Elfu nane kutoka kwa watu hamsini ni shilingi laki nne mfukoni mwa mtu mmoja. Kila mmoja wa wale hamsini akinyamaza, kwa polisi hakuna kesi, kwa waziri hakuna tatizo, na kwa tapeli hakuna hofu.

Tukumbuke yaliyotokea Marekani, ambako mnada wa mtandaoni ulishika mizizi baada ya kampuni ya eBay kuanzishwa mwaka 1995. Malalamiko kuhusu minada hiyo yaliyoifikia Tume ya Biashara ya nchi hiyo yalikuwa yapata mia moja tu mwaka 1997. Kufikia mwaka 1999 yalizidi elfu kumi. Ni wingi huo uliowafanya wakuu wa sheria waanzishe, mapema mwaka 2000, juhudi za pamoja za kuwasaka na kuwashtaki walaghai wa minada. Sidhani serikali ile ilikuwa na huruma kuliko yetu, ila ilikuwa na hesabu mbele yake. Malalamiko yasiyoandikwa hayahesabiki, na yasiyohesabika hayatungiwi sera.

Kwa hivyo naipendekezea serikali mambo mawili. Kila kituo cha polisi kando ya barabara ya Thika kiwe na ofisa aliyefunzwa kupokea taarifa za ulaghai wa mtandaoni bila kumdhihaki anayezileta. Pili, kampuni za malipo zishurutishwe kuwa na utaratibu wa pesa kuwekwa amana hadi mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika. Teknolojia iliyoweza kumtumia mama pesa kijijini kwa sekunde chache haiwezi kushindwa kuzishikilia kwa siku mbili.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Tunawafunza vijana kuandika barua rasmi kwa mkuu wa shule wa kubuni, kuhusu mambo ya kubuni. Tuwafunze pia kuandika barua ya dai kwa muuzaji, kuandika taarifa ya polisi yenye tarehe na kiasi, na kuzifuata hatua za Mahakama ya Madai Madogo. Insha hiyo itawafaa maishani hata baada ya mtihani kusahauliwa. Nawe mwanafunzi uliyelaghaiwa juzi na hujamwambia mtu, chukua kalamu leo. Aibu si yako. Mwenye kuipaswa ni yule aliyezipokea pesa zako, naye hataionja mpaka utakapolitaja alilolitenda mbele ya wanaostahili kulisikia.